Ukumbusho wa Kliniki Unaingia kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri wa watengeneza programu, naomba msaada kabla ya Alhamisi maana nimebanwa kotekote.

Natengeneza mifumo ya tovuti, nina mwaka wa nne kwenye ndoa na sijajaliwa mtoto, mama mkwe tunaishi naye, na miaka yote hiyo salamu yake ya asubuhi ni kuniangalia tumbo. Sasa kuna siku nilikuwa naandika kipande cha msimbo wa kompyuta cha kutuma ujumbe wa simu, simu yangu iko kwa fundi, ya mama mkwe iko mezani inachaji, nikaiandika namba yake humo humo ndani ya msimbo ili nijaribie, ujumbe ukaingia, nikafurahi, nikakiweka kipande kwenye folda yetu ya pamoja kazini kila mtu akitumie, namba nikaisahau. Mwenzangu mmoja, tunamwita Bandika kwa sababu mstari wake mwenyewe hajawahi kuuandika, akakinakili kilivyo akakibandika kwenye mfumo wa kliniki ya wajawazito. Tangu hapo kila ukumbusho, wa mjamzito yeyote, unaingia kwa mama mkwe: "Mama, miadi yako ni Jumatatu," "Mama, usikose Jumatano," bila jina, na kliniki nayo siku hizi haiandiki tarehe kwenye kadi, inategemea mfumo. Mama mkwe akajua moja kwa moja kwamba nina mimba, naona haya kusema, ndiyo maana nimeandikisha namba yake. Kwa wingi wa miadi ameamua ni mapacha! Anafuma sweta mbili mbili, ananiita mwanangu, hataki niinue hata ndoo, na mimi, mshauri, nimeonja kupendwa nikanyamaza. Bandika nilipomfuata akanijibu, "Mbona kwangu inafanya kazi?" Mume wangu anacheka tu, eti mama atachoka mwenyewe. Jana umeingia ukumbusho wa Alhamisi, na mama mkwe ameshapiga pasi nguo ya kunisindikiza. Nimwambieje bila kurudi kule kwa kuangaliwa tumbo?

Mkwe Aliyebanwa

Mkwe uliyebanwa,

Safu hii niliianzisha nifundishe watu kuandika msimbo wa kutumika tena na tena, na kila wiki naletewa ndoa. Haya.

Pole, kwanza. Kukaguliwa tumbo kila asubuhi si mchezo, na anayekucheka kwa kuonja upendo hajawahi kunyimwa. Nimemaliza kukuhurumia, sasa nisikilize. Barua yako nimeirudia nikitafuta ulipowataja wale wajawazito wenyewe, sijapaona. Mama mkwe yumo, sweta zimo, hata ndoo imo! Kila ujumbe unaoingia nyumbani kwako una mwenyewe, amekaa kwake na miguu imevimba, anangoja kuambiwa lini aende.

Ukimaliza kusoma hapa, ipigie kliniki simu. Wasimamishe mfumo, wawapigie wajawazito wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu. Usipoteze muda kugombana na Bandika: wewe uliacha namba, yeye hakusoma alichobandika, mmelingana. Halafu itoe hiyo namba. Namba za simu, nywila, anwani ya seva, vyote hukaa kwenye faili la mipangilio, nje ya kipande, na kila mfumo uwe na lake. Faili likikosekana, programu igome kuwaka na iseme inataka nini. Juu ya kipande andika kinafanya nini na anayekichukua abadilishe nini. Kisu unachomwazima mtu unamkabidhi kwa mpini, binti. Na huyo Bandika akisema tena inafanya kazi, muulize inamfanyia nani.

Mumeo naye aache kucheka, mama ni wake. Leo jioni mkae naye, mume ndiye aanze: "Mama, mke wangu hana mimba, ni kosa la kazini." Aongeze kwamba tumbo lako si la kukaguliwa. Hilo alipaswa kulisema mwaka wa kwanza. Mama atanuna, mwache anune, ana haki yake. Mimba haifichiki, na isiyokuwepo ndiyo haifichiki kabisa.

Lakini simu ya kliniki itangulie, kabla ya mama mkwe na kabla ya machozi. Alhamisi ni miadi ya mtu, na mwenyewe hajui.