Chai na Mkate Asubuhi ya Mbio

Ghorofa ya Pili,
Nyuma ya Kiwanda cha Nguo.
Jumanne, 14 Mei

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua na ile baridi uliyoiandika imepungua. Sisi ni wazima. Bibi anaumwa magoti, ila sauti yake haijapungua.

Asante kwa barua yako kuhusu chakula cha mkimbiaji. Ilifika baada ya mbio za majaribio, kwa hiyo siku ile haikunisaidia.

Kiwanda cha nguo kinaunda timu ya wasichana. Mbio ni mbili, za majaribio na za uteuzi Jumapili inayofuata; kumi wa kwanza wa Jumapili wanapewa kazi ya kushona, na jioni mazoezi. Nimemaliza shule na sina mahali pengine pa kwenda, nikajiandikisha. Nyumbani walifurahi, na furaha yote ikaja kwenye sahani yangu.

Unajua Mama ni mpishi wa hospitali. Hajui kumpikia mtu mmoja. Asubuhi ya majaribio aliniwekea maharage, viazi vya kukaanga na mayai. Fundi cherehani wa chini akapanda na maini, akasema gari haliendi bila mafuta. Bibi akaongeza maziwa. Nilishiba mapema, lakini kumwambia mtu mzima kwamba sitaki ni jambo ambalo mdomo wangu haujajifunza. Nikala vyote.

Kichomi kilinishika kabla ya daraja. Baada ya daraja nilitapika mtaroni mbele ya muuza magazeti, akanipa pole na gazeti la jana la kujifutia. Nyuma yangu alibaki mmoja tu, aliyeteguka mguu. Nyumbani walikaa kikao wakaamua kwamba chakula kilikuwa kidogo.

Ndipo barua yako ikaja: nile mapema, kidogo, kitu ambacho tumbo linakijua. Niliisoma kwa sauti mezani, kwa sababu kwangu kusoma ni rahisi kuliko kusema. Mama alisema umekaa mbali mpaka umesahau ladha ya chakula. Mipango ya Jumapili ikabaki palepale, pamoja na maini.

Jumamosi mchana tulikuwa tunamenya viazi, mimi na Mama peke yetu. Nikamwuliza wewe ulikula nini siku uliyoshinda kile kikombe kilichoko juu ya kabati. Alikimenya kiazi mpaka kikabaki kama gololi.

"Chai na mkate," akasema. "Na chai yenyewe ya rangi. Ndani hakukuwa na kingine."

Alinieleza kwamba watu walipokubeba begani, yeye alijificha nyuma yao kwa aibu. Yeye, dada yako mkubwa, ndiye aliyekuwa mpishi, na wewe mdogo wake umekimbia na njaa. Alijiapiza kwamba mtoto wake hatakimbia hivyo.

Nilitaka kunyamaza kama kawaida. Kisha nikasema, "Mama, kesho nipe hicho hicho. Na ukae nami nikila."

"Watu watasema sina kitu ndani."

Nikamwambia tutafunga mlango.

Jumapili alikata mkate vipande vinene, akatia sukari nyingi kwenye chai, akakaa nami mpaka nikamaliza. Fundi alipobisha na maini yake, Mama alimjibu bila kufungua kwamba nimelala. Tulimsikia akishuka ngazi akiuliza ni mkimbiaji gani huyo anayelala siku ya mbio.

Tumbo lilitulia njia nzima. Muuza magazeti aliponiona alikusanya magazeti yake akasogea nyuma. Nilimaliza wa tisa. Naanza kazi Jumatatu.

Mama alikuwa mwisho wa mbio na sufuria ya maharage, akatupakulia pale pale barabarani, mimi na wasichana wengine. Nilikula sahani mbili.

Nina ombi moja, Mjomba. Barua ijayo mwandikie yeye, si mimi. Anapofuta vumbi la kabati hukiinua kile kikombe, akakirudisha bila kukitazama. Sijui kama siku ile ulikimbia na njaa. Mimi sikuwa na njaa. Kama wewe pia hukuwa nayo, mwambie kwamba mkate wake ulitosha.

Msalimie mkazamjomba na mapacha. Bibi anakusalimu, anasema ule. Mungu akutunze, akukinge na baridi ya huko.

Mpwa wako akupendaye,
Kimya