Walisema Najisifu

Mjukuu wangu Akello,

Salamu kutoka Naguru. Babu yako hajambo, na mdogo wako ameanza shule. Unauliza kama uufute wimbo wako kwa kuwa wachambuzi wanasema unajisifu mno.

Nilipokuwa msichana nilirekodi wimbo wa rap kule Bukoto: "Mimi binti wa polisi, malkia wa maiki!" Mtangazaji mmoja aliupiga redioni huku akicheka. "Binti wa kambi ya polisi ana nini cha kujivunia? Tena kwa Kiswahili, lugha ya askari!" Niliona haya, nikaomba wasiupige tena.

Mwaka uleule kijana mmoja alijiita mfalme wa Kampala. Mtangazaji yuleyule akamsifu kwa kujiamini!

Mpaka leo damu inanichemka, mama. Namkasirikia yeye, lakini zaidi najikasirikia mimi niliyemtii. Usifute hata neno moja.

Bibi yako akupendaye