Darasa la Kiingereza Lisilosikika Barabarani

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie upesi kwa sababu supavaiza wa shule anakuja Ijumaa na mimi sijui nifundishe vipi mbele yake. Nafundisha Kiingereza darasa la nne huku karibu na Nkubu, na tangu shule nyingine zifungwe kwa ajili ya hii Hali ya Hatari nimeletewa vijana wenye ndevu wakae na watoto wadogo dawati moja, basi nikachoka kuwaimbisha wote sentensi ile ile, nikaanza kumpa kila mmoja kipande chake cha kusoma kadiri anavyoweza, nami napita nikiwasikiliza mmoja mmoja, na msichana mmoja, Jedidah, ambaye kumbe siku zote alikuwa akichezesha midomo tu wenzake wakiitikia, sasa anasoma mwenyewe, lakini mwenzangu Misheck wa darasa la tatu anasema, "Darasa lisilosikika barabarani, mwalimu wake amelala," na mwalimu mkuu anamuunga mkono, kwa hiyo nikafunga madirisha wasijue, na sasa homgadi, yule mlinzi wa kijiji wa serikali, amekuja kuuliza ni mkutano gani huo wa kunong'ona, na mwalimu mkuu amesema supavaiza asiposikia watoto wakiitikia pamoja nitanyang'anywa darasa. Je, nirudie kuwaimbisha?

Mwalimu mwenye hofu, Nkubu

Mwalimu mwenye hofu,

Pole sana, ingawa nimecheka. Siku hizi watu watatu wakisimama njiani wanaulizwa wanapanga nini, na wewe unafunga madirisha mchana kweupe vijana wenye ndevu wanong'one! Hata mimi ningekuja kuchungulia. Ulikuwa na jambo zuri, ukalificha kama mtu anayepika pombe.

Misheck usimchukie. Walimu wengi wanaona kama yeye, tena wana sababu: watoto ni wengi, vitabu ni haba, na anayeitikia na wenzake haaibiki. Waimbishe kidogo asubuhi, ndimi zilegee, kisha kila mtu arudi kwenye kipande chake. Wanaojua wawasikilize wasiojua, maana wewe huwezi kuwa kila dawati.

Fungua madirisha leo hii. Mwite mwalimu mkuu akae karibu na Jedidah kabla ya Ijumaa, amsikie kwa masikio yake mwenyewe. Supavaiza akija, mwombe achague mtoto yeyote amsomee peke yake, halafu aende akafanye vivyo hivyo darasani kwa Misheck.

Huenda ukanyang'anywa darasa hata hivyo, sitakudanganya. Lakini ukiwaimbisha kwa hofu, kazi utabaki nayo, na Jedidah atarudi kuchezesha midomo. Supavaiza hatagundua. Wewe ndiye utakayekuwa ukimtazama mtoto huyo kila siku.