Manyoya ya Jogoo wa Bi Mwanaasha

Jumatatu, 13 Aprili 1953

Barua ya Bwana Mackellar imefika. Basi ni kweli! Nikimaliza miezi yangu ya kufundisha Kiswahili London, atanichukua kwa gari moshi hadi kaskazini kabisa ya Uskochi, kwenye mto usio na mji wala duka, tukavue samoni. Alikuwa mkaguzi wa shule nilipokuwa mwalimu mkuu Bukoba. Hajanisahau. Meli yaondoka mwezi ujao.

Jioni nilimweleza jirani yangu, Mzee Salumu Kondo, habari za samaki huyu. Huzaliwa mtoni, hukulia baharini, kisha hurudi kutaga katika mto ule ule aliozaliwa. Akisharudi mtoni hali kitu. Hata hivyo huruka akadaka ndoana iliyofungwa manyoya — Wazungu huiita nzi — na hakuna ajuaye kwa nini.

Salumu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama huyo si yule samaki wa kwenye kopo. Nikasema ndiye.

"Basi Mwalimu, ndoana iache. Wewe chukua kifungulio cha kopo!"

Baraza zima likacheka. Nami nikacheka.

Lakini siwezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Kahawa ya kutafuna ya kwetu nitabeba. Na hao nzi nitawafunga mwenyewe, kwa kufuata kile kitabu alichoniachia Bwana Mackellar. Afungue kijaluba aone kazi ya mkono wangu!

Jumatano, 15 Aprili

Nimeshindwa. Manyoya ya kuku wa sokoni ni laini mno. Yakilowa yanaganda kwenye ndoana kama utambi. Kitabu kinasema: manyoya ya shingo ya jogoo mwekundu, magumu, yenye kung'aa. Hapa Kinondoni nimemwona mmoja tu wa namna hiyo. Ni wa Bi Mwanaasha, mke wa Salumu. Kila asubuhi huingia uani kwetu kana kwamba ndiye anayelipia kiwanja.

Leo nimempa mchele. Amekula mkononi mwangu.

Auleria alikuja kunipima mabega. Ni binti wa kwetu Bukoba, amepanga chumba kwa Salumu, anaishi kwa sindano na uzi. Masista walimfundisha kufuma. Ananifumia sweta ya safari, nyekundu, maana ndiyo sufu aliyoipata. Anasema amesikia baridi ya huko huingia mpaka kwenye meno. Nilimweleza kwamba meno hayasikii baridi kwa njia hiyo, nikaeleza na sababu. Alinisikiliza huku ana pini mdomoni.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimefanya.

Salumu alikuwa msikitini. Bi Mwanaasha alikuwa bombani. Nilimkalisha jogoo mapajani, mchele kiganjani. Upande mmoja tu wa shingo. Alilia mara moja.

Yataota tena, nilijiambia. Kunyonyoa si kuchinja. Kama ni hivyo, kwa nini nilifunga mlango wa ua kwanza?

Nzi wametoka wazuri. Wazuri sana.

Jumapili, 19 Aprili

Tulipotoka Misa tulimkuta Bi Mwanaasha mlangoni. Analia.

Niandike kama alivyosema. Binti yake Tunu alizika mtoto wake mchanga wakati wa vuli. Tangu hapo hasemi. Anakula akilishwa. Fundi wa ngoma amesema Tunu ana pepo, na pepo huyo anataka jogoo mwekundu asiye na dosari hata moja. Jogoo alipatikana, akaogeshwa, akanuiwa kwa jina la Tunu, akalazwa chumbani kwake. Ngoma ipigwe kabla ya Ramadhani, maana mwezi huo ngoma hazipigwi. Sasa jogoo ana dosari. Na si hilo tu. Anayemnyonyoa jogoo aliyenuiwa hana haja na manyoya — ana haja na mgonjwa.

"Mtu anataka kummaliza mwanangu, Mwalimu. Mie nimemkosea nani?"

Sikujua! Naapa sikujua. Mimi ni Mkristo, mambo ya pepo siyaamini, na nimeshawahi kumwambia Salumu hivyo kwa maneno marefu. Lakini nikimwamini pepo au nisimwamini, yule mama alikuwa anatetemeka.

Palepale ningesema. Badala yake nilifundisha. Nilimweleza kwamba ndege hupukutisha manyoya kwa majira yake, kwamba jambo hilo limeandikwa vitabuni, kwamba asiwe na hofu. Alikaa mkekani kama mwanafunzi. Akafuta macho kwa upande wa kanga.

"Ahsante, Mwalimu. Umenitua mzigo. Kusoma kuzuri jamani."

Alipotoka, Genoveva, mke wangu, alisimama kwenye pazia. Alikuwa ameyaona manyoya kwenye meza yangu tangu Ijumaa.

"Umemaliza somo?" akauliza.

Sikula mchana.

Jumanne, 21 Aprili

Salumu amekuja na jogoo kwapani. Akamfunua shingo. Vidonda vidogo vya damu iliyokauka, upande wa kulia peke yake.

"Kupukutika gani huku, Mwalimu? Au upande wa pili amesahau?"

Alitaka kufanya mzaha kama kawaida yake, lakini uso haukufuata.

Kisha akasema lililomleta. Wapangaji wananong'ona habari za Auleria. Hana mume, hana mtoto, hajulikani ametokea kwa watu gani, hufunga mlango wake mchana. Na asubuhi ile ya Jumamosi, Bi Mwanaasha alipofagia, aliona nyuzi nyekundu kizingitini kwa Auleria.

Nyuzi nyekundu! Ni za sweta yangu.

Nilisema zile ni nyuzi za kufuma. Nilisema kwa sauti ndogo. Salumu akajibu kwamba hata yeye anajua, lakini mkewe halali, na fundi wa ngoma hatakanyaga nyumba yenye mtu wa hivyo. Auleria aape mbele ya watu. Akikataa kuapa, ahame. Jumamosi, baada ya alasiri, barazani kwangu, nami niwe mkubwa wa kikao. "Wewe ni mtu wa kwao, na ni mtu wetu. Wote watakusikiliza."

Nikakubali. Nilikubali! Nilitikisa kichwa kama mtu aliyepewa heshima.

Alipokuwa akirudi nilimwona Tunu amekaa kizingitini kwao. Salumu alimwekea jogoo mapajani. Tunu akampapasa pale shingoni palipo wazi, taratibu, kwa kidole kimoja, asitazame pembeni. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimezunguka. Kariakoo, halafu Temeke kwa miguu, jua kali. Mwishowe nimepata jogoo mwekundu, mkubwa kuliko yule, shingo kama shaba. Nikampeleka kwa Bi Mwanaasha nikisema ni zawadi yangu kwa Tunu.

Hakumpokea. Akanieleza — safari hii yeye ndiye aliyeeleza, nami nilisikiliza — kwamba jogoo akishanuiwa kwa jina la mtu habadilishwi, kama mtoto asivyobadilishwa. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Lakini Mungu akulipe. Wa kwenu anatutenda vile, nawe unatutenda hivi."

Auleria alikuwa uani, anaanika nguo. Alisikia. Hakugeuka.

Nyumbani nilimwambia Genoveva nitasema Jumamosi. Nikamfanyia mazoezi. Nilianza na tabia za samoni, kwamba anaporudi mtoni hana njaa. Nikaja kwenye ugumu wa manyoya ya shingo ukilinganisha na ya mgongo. Nilikuwa sijamfikia jogoo aliponikatiza.

"Anza na neno mimi. Samaki hakumnyonyoa jogoo wa mtu."

Nikamwomba basi aje asimame karibu nami. Akasema atakaa na Auleria.

Jumamosi, 25 Aprili

Wameanza kufika. Naandika chumbani, mlango nimeurudisha. Mikeka imetandikwa barazani, nasikia kandambili zinavuliwa.

Auleria alitangulia kuja, akaingia kwa mlango wa uani. Amekonda. Alikuwa na sweta mkononi, imekunjwa vizuri.

"Shikamoo, Baba. Nimeimaliza. Nilihofu nisije nikafukuzwa mkono mmoja haujaisha."

Nikaipokea. Ni mimi niliyeipokea, kwa mikono hii! Akaniuliza kama ataapa kwa Msahafu wao au kwa Biblia yetu, na kama akiapa kwa Msahafu itakuwa dhambi. Nikaanza kumjibu. Nikamweleza kiapo ni nini, na tofauti ya kuapa mbele ya hakimu na kuapa mbele ya majirani. Nikajisikia sauti yangu mwenyewe inavyotembea, tulivu, ya kutegemewa. Akasema, ndiyo Baba. Akaenda kukaa mwisho wa mkeka. Nachungulia. Wanawake wameacha nafasi kati yake na wao. Genoveva amekwenda kukaa katika nafasi hiyo.

Kijaluba cha nzi kipo hapa mezani. Nimekifungua. Ukiwaangalia hutasema ni manyoya na uzi, utasema wataruka. Nitatoka nacho mkononi, wazi, kabla mtu hajafungua kikao. Mimi ndiye. Maneno mawili tu. Nimeyaandika hapa nione kama mkono utakubali, na umekubali. Sasa mdomo.

Salumu anaita: "Mwalimu, watu wametimia! Au bado unatafuta kifungulio?" Wanacheka kidogo.

Dakika moja, nimesema. Mlango umesukumwa. Nilidhani ni yeye — kumbe ni jogoo. Ameingia moja kwa moja, amepita kijaluba, amesimama kwenye mguu wangu. Ananidonoa kiganja. Anataka mchele wake.

Bi Mwanaasha anauliza nje jogoo ameingia wapi.

"Kwa Mwalimu," nasikia sauti ya mtu nisiyemtambua, ya kike, ya chini, kavu kama ya mtu aliyeamka sasa hivi. Kisha Bi Mwanaasha anapiga yowe: "Tunu! Tunu amesema!" Na Tunu anarudia, polepole, wote wamsikie: kwa Mwalimu, kila siku huenda kwa Mwalimu.