Mheshimiwa Yupo?

Mdogo wangu,

Huku hakuna jipya sana. Mapazia nimeyafua, na bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Shemeji yako si diwani tena. Siku hizi wapiga kura wanataka digrii, na yeye hakufika sekondari. Kiti kimekwenda kwa kijana wetu, ambaye mzee alimsomesha kwa jasho lake. Siku kijana alipoapishwa, mzee alimpigia pasi shati yeye mwenyewe.

Jana tukiwa mezani jirani akabisha hodi: "Mheshimiwa yupo?"

Baba na mwana wakainuka pamoja. Mzee akasimama kidogo, mkono kwenye meza, kisha akakaa.

"Nenda," akamwambia kijana. "Unaitwa wewe."

Akaendelea kula.

Nisalimie watoto.

Dada yako