Kwa Nini Mama Hapokei Simu Yako

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Jumatatu, 12 Mei.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Hali yako huko? Wifi na watoto hawajambo? Na ule mguu uliokuwa ukikusumbua, umepata nafuu? Sisi ni wazima, ila ni uzima wa nyumba iliyofiwa: tunaamka, tunaenda kazini, tunarudi, tunalala.

Shangazi bado yuko nasi tangu tulipomzika Baba. Jiko amelishika yeye. Chumvi anaimwaga kama anamkomoa mtu, lakini nani ana moyo wa kumwambia dada wa marehemu?

Najua una donge moyoni. Hukuwahi mazishi, na tangu siku ile Mama hapokei simu yako. Hata mimi nilidhani amekukasirikia; nikimuuliza, anainuka na kwenda chumbani. Hakuwa amelia hata mara moja, Kaka, hata pale kaburini. Chakula anakigusagusa tu. Nguo zikaanza kumpwaya, nasi tukaanza kuogopa kwamba naye atatuponyoka.

Jana mchana televisheni ikaonyesha filamu yetu ile ya zamani, ya mzee mstaafu wa reli anayeiendesha nyumba yake kama stesheni, mkewe anafuga bata sebuleni, na mama mkwe anaishi kabatini kwa sababu amemnunia mkwewe. Wajua Baba alivyoipenda. Shangazi akarukia rimoti.

"Iache," Mama akasema.

Tukaitazama kimya, utadhani tuko hospitalini. Ikafika pale mzee anaposimama mlangoni mwa chumba cha kulia, kofia kichwani, akiwadai wageni tiketi kabla hawajakaa. Hapo Baba alikuwa hakosi kuinuka. Anaziba mlango wetu, ananguruma, "Tiketi!" nasi tunampa chochote kilicho karibu, mimi kijiko siku zote, wengine soksi, hata ganda la ndizi. Nikainamisha kichwa. Sikutaka kumtazama Mama.

Nikamsikia anacheka. Kicheko kidogo, cha puani. Kikakatika, akaanza kulia. Alilia kwa sauti. Shangazi akamkumbatia, wakalia wote wawili huku bata wakikimbizana kwenye kioo. Mimi nilikaa pale chini nimemshika Mama miguu.

Alipotulia akaomba chakula. Akala, akasema, "Wifi, chumvi imezidi." Shangazi akajibu, "Ulikuwa wapi siku zote hizo kuniambia?"

Ndipo nikathubutu kumuuliza habari yako. Nakuandikia maneno yake kwa barua kwa sababu kwenye simu ningeshindwa kuyamaliza.

"Simkasirikii mwanangu," alisema. "Angekuwa na mabawa angefika. Lakini ana sauti ya baba yake. Akisema 'haloo' tu, namsikia marehemu. Simu yake ningeipokeaje?"

Shangazi anakusalimu sana, na Baba Mdogo fundi saa anakuulizia kila anapopita. Nibusie watoto, na wifi umpe pole kwa kukubeba kipindi hiki chote. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki na usingizi mwema.

Mama amesema upige simu Jumapili, atapokea. Ila usiongee upesi upesi. Umwamkie, kisha unyamaze kidogo, apate kuizoea sauti yako.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kijiko