Wasifu wa Baba Ulioutuma kwa Simu

Mdogo wangu Elia,

Nakuandikia kwa maneno kamili, nawe uyasome yote. Usidhani nimenuna kwa sababu hukuja kumzika baba. Kazi za Dar nazijua, ruhusa haipatikani kirahisi. Kilichoniuma ni ule wasifu.

Unakumbuka ulipokuwa darasa la sita? Baba alikuwa akirudi shambani na masizi ya miwa iliyochomwa mwilini, hata hajaoga, anakwambia, "Hebu nisomee insha yako." Unasimama mlangoni, unasoma mpaka majirani wanasogea. Siku uliyoandika habari ya lori la miwa lililopinduka njia ya Ruaha, mama Mashaka alicheka mpaka akakaa chini. Baba akawaambia, "Huyu ndiye atakayetusemea."

Ndiyo maana mama aliposema, "Wasifu aandike Elia," hakuna aliyebisha. Uliutuma watu wakiwa wameshakaa chini ya turubai hapa Kidodi. Nikamkabidhi mzee wa kanisa simu.

Akaanza, "Mzee we2 alzliwa kjj cha Ulaya..." Akasogeza simu karibu na macho, akajaribu tena, akashindwa. Akanigeukia mbele ya jeneza. "Binti, hapa pameandikwa nini?"

Palikuwa pameandikwa, "2lmpnda xana."

Vijana waliokaa nyuma wakacheka. Nikaichukua simu nikasoma mwenyewe, nikijaza herufi ulizoziacha. Mama alijifunika kanga usoni. Tuliporudi kutoka makaburini akaniuliza, "Kwani mwanangu alikuwa na haraka gani?"

Nilikupigia, hukupokea. Ukatuma, "Xory dada, c mlielewa lkn."

Tulielewa, Elia. Tulielewa kuwa baba aliyekusomesha kwa jasho la miwa hakustahili hata irabu zako. Na usiniambie ndivyo vijana mnavyoandika siku hizi. Barua yako ya kuomba kazi uliniletea Mikumi niione. Kila neno lilikuwa zima, kila nukta mahali pake. Kwa bosi usiyemjua hukukata hata herufi moja.

Mama anauliza kila siku kama umeandika chochote. Namwambia bado. Ule ujumbe wako wa "Xory" nimeufuta, asije akaniomba nimsomee.

Mungu akutunze huko uliko.

Dada yako wa tumbo moja